Mawe ya Agosti

Agosti haina kibali cha mvua.
Agosti Newala ni ya ming'oko, ya upepo mkavu,
ya wanaume wanaorudi kutoka kupuliza mikorosho
kope zao zimegeuka njano kwa salfa.
Na mimi, karani wa dirisha la tatu, ghala la chama,
nilishapiga pasi sketi ya bluu,
nilishatia kalamu mbili mkobani:
moja ya kuandikia,
moja ya kuazimwa nisirudishiwe.

Saa moja kasoro robo bati likagongwa.
Mara moja. Kimya.
Likagongwa tena, kama mgeni
asiye na hakika na nyumba.
Kisha wakaja wote.

Mama mkwe alifungua kinywa, nikaona meno tu,
sauti ilimezwa na bati.
Chilumba alijikunja ndani ya kanga yangu
akaniuliza kwa vidole: nani anatupiga?

Ilipopungua nikafungua mlango.
Uani kweupe, kama makopa ya kijiji kizima
yamemwagwa hapa yasahauliwe.
Tetea wetu alisimama kwa mguu mmoja,
akabadili, akabadili,
hajui auweke wapi ule mwingine.

Simu ikatetemeka. Meneja, Bwana Mchopa:
*Paa la ghala limetoboka. Mti umeziba njia ya Kitangari.
Leo kila mtu abaki kwake.*

Kwake.
Miaka mitano nimelala nyumba hii
na sijui Jumanne huwa inafanya nini.

Mama mkwe hakungoja mshangao upoe.
Huku juu maji ni ndoo, na ndoo ni pesa.
"Vyombo!" Sufuria, beseni, kopo la rangi,
tukazoa barafu kwa koleo, kwa sahani, kwa viganja,
haraka haraka kama wezi,
maana leo Mungu kashusha maji
yakiwa yamefungwa vifurushi,
na hakuna aliyekuja na risiti.

Saa nne jua likarudi, bila kuomba radhi.
Likapita dirishani, likapanda ukutani,
likatua juu ya picha ya harusi, upande wangu.
Kumbe ndiyo maana nimepauka.
Kila siku saa nne jua huja kukaa na mimi,
na mimi sipo.

Nilikula kiporo cha mbaazi nikiwa nimevaa sketi ya kazi.
Nilimsikia mama mkwe akimfundisha mtoto kuhesabu
kwa Kimakonde, mawe yanayoyeyuka,
na hesabu ikawa inapungua jinsi wanavyohesabu.
Nilisinzia mchana! Mchana, kama mgonjwa, kama tajiri.

Saa kumi Chilumba akaburuta kigoda mpaka mlangoni,
akakaa, uso kuelekea njia.
"Unafanya nini?"
"Namsubiri mama."
"Mimi si huyu hapa?"
Akanitazama kwa huruma.
"Ndiyo saa yake ya kusubiriwa."

Basi nikakaa chini kando ya kigoda.
Tukamsubiri.

Aliyekuja ni Esha Nampunju, kutoka shambani,
pindo la kanga ameliinua kama amebeba mayai.
Alilimwaga barazani:
maua ya mikorosho, mekundu, yamepondeka,
mengine bado yameshika barafu kwenye vikonyo.
Hakusema neno. Nami sikuuliza.
Mifuko sita ya salfa, kwa mkopo, Jumatano iliyopita,
mwandiko wangu.

Furaha yangu ya kutwa
sikujua niiweke wapi.

Usiku nilifungua mkoba kupanga ya kesho.
Mlikuwa na maji.
Chilumba alificha humo jiwe kubwa kuliko yote
ili nikawaoneshe watu wa kazini.
Kalamu zinaelea. Daftari langu dogo limelowa,
bluu imetambaa kutoka mstari hadi mstari.
Nikalifunua karibu na taa.
Jina la Esha lilikuwa limevimba,
lakini lilisomeka.